Kunyonyesha na uzazi wa mpango: maswali ambayo wamama wanauliza kila siku

Haya maswali ni yale yale yanayorudi kila wiki kwenye mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto, mengine wamama wanayauliza kwa sauti, mengine wanasubiri wenzao waondoke ndo wananong'ona. Mi ni nesi mkunga, nafanya kazi Dar, na nitajibu hapa kama ninavowajibu wao. Kitu kimoja ukishike kabla hujaendelea: kunyonyesha kunazuia mimba kweli, ila kwa masharti na kwa mda, na ule mda ukiisha mwili haukupi taarifa. Kwa hiyo njia inayofuata unaichagua wakati kunyonyesha bado kunakulinda.

Ni kweli ukiwa unanyonyesha huwezi kushika mimba?

Ni kweli kama vitu vitatu vipo kwa pamoja. Mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi yako haijarudi toka ujifungue, na mtoto ananyonya maziwa yako tu, mchana na usiku. Vyote vitatu vikiwepo, kwenye wamama 100, wanaopata mimba ndani ya hiyo miezi 6 hawazidi wawili, wataalamu walikubaliana hivo kwenye mkutano wa Bellagio, Italia, mwaka 1988 na tafiti zilizokuja baadae zikaonyesha hivo hivo. Kikivunjika kimoja tu basi usiitegemee tena, hata kama vingine viwili bado viko vizuri.

Inavofanya kazi ni hivi, mtoto akinyonya ubongo wako unapunguza zile homoni zinazokomaza yai, yai halitoki, mimba haipo. Lakini hilo linataka mtoto anyonye mara kwa mara, ndo maana mchana usipitishe masaa 4 bila kunyonyesha na usiku usipitishe 6. Mtoto anayelala usiku kucha watu watamsifia sana, ila kama kunyonyesha ndo njia yako basi mwamshe anyonye. Na nikisema maziwa tu namaanisha maziwa tu, sio maji kidogo kwa sababu Dar kuna joto, sio uji mwepesi ambao bibi yake amesema mtoto hashibi, sio maziwa ya kopo usiku ili wewe upumzike. Tumbo likijaa vitu vingine ananyonya kidogo na kinga yako ya mimba inapungua. Chanjo na dawa alizoandikiwa hospitali haziharibu kitu.

Niliona damu wiki ya sita, hiyo ni hedhi?

Kama unanyonyesha maziwa tu, damu ya ndani ya miezi miwili ya mwanzo tunaihesabu bado ni ya uzazi. Ikishapita miezi miwili halafu ukaona damu siku mbili mfululizo, hiyo ichukulie ni hedhi imerudi na njia ya kunyonyesha imeishia hapo.

Sijaona siku zangu toka nijifungue, sa hiyo mimba itaingiaje?

Hapa ndo wengi wananasa. Yai linatoka kwanza, hedhi inafuata kama wiki mbili baadae. Sasa kama mtoto ameshafika miezi saba anakula uji na ndizi za kuponda, na wewe unasubiri uone damu ndo uende kliniki, lile yai la kwanza linaweza kukutana na mbegu na ile damu unayoisubiri usiione kabisa. Wapo wamama wanaokuja wakidhani ni maziwa yanazuia siku zao kumbe mimba ina miezi minne. Asiyenyonyesha kabisa ndo mapema zaidi, yai linaweza kutoka kabla hata hajatimiza mwezi toka ajifungue, kwa hiyo yeye anatakiwa awe na njia kuanzia wiki ya tatu.

Narudi kazini na mtoto ana miezi mitatu, itakuwaje?

Hili swali nalipenda kwa sababu watu hawalifikirii mapema. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi siku 84, mapacha siku 100. Siku 84 ni wiki 12, na mtoto anatakiwa anyonye maziwa tu mpaka miezi 6, yani kuna miezi mitatu hivi hapo katikati upo ofisini au dukani na mtoto yupo nyumbani na dada. Sheria hiyo hiyo inakupa mpaka masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha ndani ya mda wa kazi, yatumie kama unakaa karibu, lakini anayetoka Mbagala kwenda Posta hayo masaa mawili anayamalizia kwenye foleni.

Wengi wanakamua na mtoto anapewa kwa kikombe, na kwa mtoto hiyo ni safi kabisa, endelea. Ila kwa upande wa mimba kukamua hakufanani na mtoto kunyonya mwenyewe, kinga inapungua. Kwa hiyo ukianza kuona likizo inaelekea ukingoni, uwe umeshachukua njia nyingine. Na mama ntilie, anayeuza sokoni, anayelima, hamna likizo ya kuandikiwa barua lakini hesabu ni hiyo hiyo: siku unayoanza kumwacha mtoto zaidi ya masaa manne, kunyonyesha hakutoshi tena.

Njia zipi hazikatishi maziwa?

Zipo nyingi. Kondomu na kitanzi cha shaba (lupu, wa Kenya wanaita koili) hazina homoni kabisa kwa hiyo maziwa hayahusiki. Kijiti, sindano ya miezi mitatu na vidonge vya kichocheo kimoja (yani homoni moja) vina homoni ya projestini peke yake, inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana na watoto waliofuatiliwa wamekua vizuri tu, uzito na akili. Kufunga kizazi pia hakugusi maziwa, maziwa yanatengenezwa kwenye titi na kinachofungwa ni mirija ya uzazi.

Ya kuwa nayo makini ni vidonge vya kawaida vya majira, vile vyenye vichocheo viwili kama Microgynon. Vina estrojeni, na estrojeni inaweza kupunguza maziwa, halafu wiki za mwanzo baada ya kujifungua damu inaganda kirahisi na estrojeni inaongeza hiyo hatari. Anayenyonyesha asivitumie kabisa wiki sita za kwanza, na kama kuna njia nyingine asubiri mpaka miezi 6. Kwa hiyo usimeze vya jirani au vilivyobaki kwenye droo ya dada yako eti vyote ni majira, pakiti zinafanana lakini ndani sio kitu kimoja. Vya kichocheo kimoja ni kama Microlut, pakiti ina vidonge 35, unameza kila siku saa ile ile na ukimaliza unaanza pakiti mpya kesho yake bila kupumzika hata siku moja. Weka alamu kwenye simu. Kwa anayenyonyesha vinafanya kazi vizuri, ila ukipunguza kunyonyesha vinakuwa na msamaha mdogo, ukichelewa masaa matatu tayari umekosa na unatakiwa utumie kondomu siku mbili.

Naweza kuanza lini?

Inategemea njia, na hapa ndo wamama wanaambiwa njoo baada ya wiki sita wakati nyingine wangeondoka nazo leba. Kitanzi kinaweza kuwekwa ndani ya masaa 48 baada ya kujifungua, hata dakika chache tu baada ya kondo kutoka, na ukifanyiwa upasuaji kinawekwa hapo hapo kabla hawajakufunga. Masaa 48 yakipita unasubiri wiki ya nne. Kijiti na vidonge vya kichocheo kimoja vinaruhusiwa hata kabla hujatoka wodini. Sindano kwa anayenyonyesha ni wiki ya sita. Kondomu siku yoyote mnayorudiana.

Kwa hiyo usingoje kujifungua ndo uanze kuwaza. Ongea na nesi ukiwa bado na tumbo, aandike kwenye kadi yako, na siku ya leba mkumbushe, maana wodi inakuwa na watu wengi na watu wanasahau. Kama ulipitwa basi wiki ya sita mtoto anakuja kwenye chanjo, siku hiyo hiyo uliza, zingine ni wiki ya 10 na ya 14. Safari ya chanjo itumie na wewe.

Kijiti kinatembea mpaka kwenye moyo?

Hapana. Kinakaa chini ya ngozi ya mkono kwa juu, mkono ambao huutumii sana, unachomwa ganzi na dakika chache imeisha, na ukipapasa unakisikia hapo hapo kilipo. Implanon ni kimoja na kinakaa miaka 3, Jadelle ni viwili na vinakaa 5. Katika njia zote za kutolewa hii ndo inayofeli mara chache kabisa, kwenye wanawake 1000 anapata mimba kama mmoja tu kwa mwaka. Kinachowasumbua watu ni damu, wengine inatoka kidogo kidogo bila mpangilio, wengine inakata kabisa. Anayenyonyesha mara nyingi hata hiyo haioni mwanzoni. Ikikusumbua rudi, kuna dawa za kutuliza, na ukiamua kitoke kitolewe, ni haki yako na huhitaji kumaliza miaka mitatu. Ila kitolewe na mtaalamu, sio kwa wembe nyumbani.

Sindano inaharibu kizazi? Rafiki yangu amekaa mwaka hajapata mimba

Haiharibu ila inachelewesha, na kwa kweli hili tunatakiwa kuliongea wazi zaidi. Baada ya sindano ya mwisho ya Depo, ile ya miezi mitatu, inachukua kwa wastani kama miezi 10 kushika mimba, wengine zaidi. Kwa hiyo kama unataka mtoto mwingine mapema baada ya huyu kutimiza miaka miwili, sindano sio chaguo langu la kwanza kwako, chukua kijiti au kitanzi, ukitoa tu uzazi unarudi. Ila kwa anayetaka kupumzika miaka minne mitano, au anayetaka siri kwa sababu haionekani popote mwilini, sindano inamfaa sana. Wengine wananenepa kidogo, kilo moja au mbili kwa mwaka.

Na ile damu inayokata haigandi tumboni wala haipandi kichwani, hakuna damu iliyokusanyika mahali, ukuta wa mji wa mimba unabaki mwembamba tu kwa hiyo hakuna cha kutoka. Tarehe ya kurudi iandike. Ukichelewa usikae nyumbani kwa aibu, mpaka wiki nne baada ya tarehe bado unachomwa bila shida.

Kitanzi kinamchoma mume?

Anaweza kuhisi uzi, na uzi unapunguzwa, rudi kliniki wakate. Kitanzi chenyewe kipo ndani ya mji wa mimba, hakuna namna akakifikia. Cha shaba kinakaa mpaka miaka 12, ukitaka mimba kinatolewa na mwezi huo huo unaweza kushika. Miezi ya mwanzo hedhi inaweza kuwa nzito na tumbo kuuma zaidi, kwa mwenye upungufu wa damu hilo waongee na daktari. Kilichowekwa mara tu baada ya kujifungua kina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka chenyewe, kwa hiyo angalia pedi zako na nenda ukaguliwe kwenye wiki ya sita. Homa, maumivu makali ya tumbo chini, uchafu wenye harufu, usisubiri tarehe, nenda siku hiyo hiyo.

Mama mkwe anasema tukikutana nitambemenda mtoto

Hili linaumiza ndoa nyingi kimya kimya na nalichukulia kwa uzito, maana anayelisema anampenda mjukuu. Mbegu za kiume haziingii kwenye maziwa, tendo la ndoa halimkondeshi mtoto wala halimcheleweshi kutembea. Ila tuwape wazee haki yao, walichokuwa wanakiona ni cha kweli: mama alikuwa anashika mimba mtoto akiwa mchanga, anamwachisha ziwa haraka, mtoto anabaki na uji mtupu, anakonda, anaharisha, miguu inakuwa myembamba. Walichotaka ni nafasi kati ya mtoto na mtoto. Nafasi hiyo leo unaipata kwa kijiti au kitanzi bila kumwambia baba akae mbali miaka miwili. Mwambie mama mkwe hivo hivo kwa heshima, wengi wanaelewa.

Kuhusu lini mrudiane, wengi wanasubiri arobaini na mwili mara nyingi unakuwa umepona mda huo, damu imekata, mshono haumi. Kama bado unaumia subiri. Ukavu ni kawaida kwa anayenyonyesha, homoni ziko chini, tumia kilainishi cha maji cha duka la dawa. Mafuta ya nazi na Vaseline yanapasua kondomu, hayo msipake kama mnatumia kondomu.

Kumwaga nje na kuhesabu siku je?

Kuhesabu siku kunataka mzunguko, na wewe bado huna mzunguko, sa utahesabu nini? Kalenda isubiri hedhi irudi na itulie miezi kadhaa. Kumwaga nje ni bora kuliko kutofanya kitu, ila kwa watu wanavoitumia kila siku, kwenye wanawake 100 kama 20 wananasa ndani ya mwaka. Kujisafisha na soda, kufunga pigi (hirizi) kiunoni, havizuii mimba. Kumeza mbegu za nyonyo usithubutu, zile ni sumu.

Kondomu ilipasuka, naweza kumeza P2 (dawa ya dharura ya kuzuia mimba) nikiwa nanyonyesha?

Ndio, na unaendelea kunyonyesha. Imeze mapema iwezekanavyo ndani ya masaa 72, kila saa inayopita nguvu inapungua. Kama una chini ya siku 21 toka ujifungue huihitaji. Lakini P2 ni ya dharura, ukijikuta unainunua kila mwezi njoo tukupe kitu kinachokaa.

Nilikuwa na kifafa cha mimba, presha bado ipo juu

Mwambie nesi kabla ya chochote na apime presha siku hiyo. Vidonge vya vichocheo viwili sio vyako. Presha ikifika 160 kwa 100 sindano nayo tunaiweka pembeni. Kitanzi cha shaba hakina shida na presha, kijiti nacho mara nyingi kinakufaa.

Natumia ARV, nachagua nini?

Njia karibu zote ziko wazi kwako. Dawa za sasa zenye dolutegravir hazigombani na kijiti, ila kama mchanganyiko wa ARV zako una efavirenz, au unatumia dawa ya TB yenye rifampicin, hizo zinapunguza nguvu ya kijiti na vidonge, kwa hiyo beba kadi yako ya dawa. Sindano na kitanzi haviathiriki. Na kondomu iendelee hata ukiwa na njia nyingine.

Mume hataki na dini je?

Huduma ni ya kwako, nesi hatakiwi kukurudisha nyumbani ukalete ruhusa. Ila mume akija ni vizuri, wengi wanakataa kitu walichokisikia kijiweni, akikaa dakika kumi akauliza maswali yake anabadilika. Kwa Waislamu, Qurani inataja kunyonyesha miaka miwili kamili, na masheikh wengi hawaoni shida na kupanga nafasi kwa njia za mda kama mke na mume wamekubaliana. Kwa Wakatoliki kanisa linakubali njia za asili, na ile ya kunyonyesha iliyo hapo juu ni mojawapo, kwa hiyo ishike na masharti yake yote matatu, na hedhi ikirudi tafuta mwalimu wa Billings, njia ya asili ya kuangalia ute wa ukeni, akufundishe kuusoma.

Mtoto ana miezi nane na nimeshika mimba tena, nimwachishe?

Usimwachishe kwa hofu. Maziwa ya mwenye mimba sio sumu, yanaweza kupungua tu na ladha kubadilika. Endelea kumnyonyesha na mwongezee chakula, na wewe kula zaidi na anza kliniki mapema umeze dawa za kuongeza damu. Kama ulijifungua kwa upasuaji sema siku ya kwanza, mshono ambao haujapata mda unahitaji kuangaliwa kwa karibu na kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji. Shirika la Afya Duniani linashauri ukae angalau miezi 24 toka ujifungue kabla ya kutafuta mimba nyingine, baada ya huyu hilo tulipange pamoja.

Nimemaliza kuzaa kabisa

Kufunga kizazi kunafanyika ndani ya siku 7 baada ya kujifungua au baada ya wiki sita. Ni ya kudumu kwa hiyo usiamue ukiwa kwenye uchungu wa leba, amua mapema ukiwa umetulia. Baba naye anaweza, kwake ni operesheni ndogo zaidi na nguvu za kiume haziguswi, ila mtumie kondomu miezi mitatu ya mwanzo mpaka mbegu zilizobaki ziishe.

Nikienda kliniki nibebe nini, na bei?

Vituo vya serikali uzazi wa mpango ni bure, angalia alama ya Nyota ya Kijani. Beba kadi ya mtoto na ya kwako, na dawa zozote unazomeza. Sema tarehe uliyojifungua, mtoto anakula nini, unaondoka nyumbani masaa mangapi, na unataka mwingine lini. Kama njia unayoitaka imeisha siku hiyo omba kondomu au vidonge vya kichocheo kimoja vya kukuvusha, na usiondoke bila kuandikiwa tarehe ya kurudi.